Kuambiwa nafasi imeisha si kuambiwa diski imejaa

Wengi wanaosimamia seva za Linux huamini kwamba ujumbe "No space left on device" una maana moja tu: diski imejaa. Basi huanza kufuta mafaili, wakati mwingine hata logi ambazo zingewaonyesha chanzo cha tatizo. Inauma kuona ushahidi ukipotea hivyo.

Keneli, yaani kiini cha Linux, hairudishi sentensi. Inarudisha namba, hapa ni 28, yaani ENOSPC, na maktaba ya C ndiyo huigeuza kuwa maneno. Namba hiyo moja hubeba sababu kadhaa. Katika ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, idadi ya inodi (rekodi ambayo kila faili huhitaji) hupangwa diski inapofomatiwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Mamilioni ya mafaili madogo huzimaliza huku df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, ikionyesha nafasi tele. Ukweli utauona kwa df -i, inayohesabu inodi.

Inotify, huduma ya keneli inayoarifu programu faili linapobadilika, hupotosha zaidi, kwa kuwa diski haihusiki kabisa. Mtumiaji akifikia kikomo cha mafaili anayoruhusiwa kufuatilia, hupewa namba hiyohiyo 28. Dawa ni kuongeza fs.inotify.max_user_watches.

Kubadilisha namba yenyewe ni hatari, maana programu nyingi zinaitegemea. Marekebisho yafanywe pale programu inapojua ilichokuwa ikiomba. Amri ya tail ya GNU, inayoonyesha mwisho wa faili na kulifuatilia, hufanya hivyo: inotify ikirudisha ENOSPC, husema wazi kwamba rasilimali za inotify zimekwisha, kisha huendelea kwa kukagua faili mara kwa mara.