Je wajua? Uvimbe kwenye kibofu sio lazima iwe kansa

Kuna dogo anabeba mizigo pale sokoni Mbuyuni, Moshi, mzaliwa wa Maswa. Wiki kadhaa akikojoa matone ya mwisho yanatoka mekundu, akanyamaza kama tunavyonyamazaga wanaume, siku alipoenda kupiga ultrasaundi akarudi na karatasi imeandikwa uvimbe kwenye ukuta wa kibofu, basi pale kijiweni tukaanza kumzika angali hai. Kumbe kichocho!

Sasa inakuwaje minyoo ilete kitu kinachofanana na kansa? Ni hivi, minyoo ya kichocho cha mkojo inaishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike anataga mayai yana kamwiba kamoja mwishoni, na hayo mayai inabidi yatoboe ukuta wa kibofu ndo yatoke na mkojo, damu inatokea hapo. Mengine yananasa humohumo. Mwili nao ukikuta yai limenasa unatuma askari wake walizingire, wanarundikana wee mpaka nyama inatuna, na mayai yakiwa mengi sehemu moja unapata kinundu kinaning'inia ndani ya kibofu.

Ultrasaundi yenyewe inaona umbo tu. Ndo maana wanapitisha kamera kwenye njia ya mkojo (hapo dogo alitaka kukimbia, sa nani asingetaka) wanakata kinyama kidogo kikapimwe kwa darubini. Mkojo pia walimpima, tena wakataka wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ndo yanatoka kwa wingi muda huo.

Na sio kichocho peke yake, TB ya kibofu au mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu navyo vinaweza kuleta vinundu vya kufanana.

Ila usije ukasema ah minyoo tu ukakaa nyumbani, kichocho cha miaka mingi kinaleta kansa ya kweli ya kibofu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, mayai na kansa, kwa hiyo kile kinyama kinapimwa tu hata kama mayai yameshaonekana.

Cha dogo kilikuwa safi. Dawa ni prazikwanteli, mg 40 kwa kila kilo ya mwili, yeye ana kilo 60 kwa hiyo vidonge vinne vya mg 600, akameza mara moja. Miezi mitatu mbele akarudia ultrasaundi, ukuta umelala. Saivi ukimtajia kamera anakwambia bora abebe gunia la viazi mpaka Himo.