Je, wajua kwa nini jina la marehemu kwenye hati huzuia miti kupandwa?

Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023, Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Serikali ilikuwa imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Huku magharibi mwa Kenya miche haikosekani. Vitalu viko kando ya barabara, mvua hunyesha misimu miwili, na mti wa grevilea hushika vizuri katika udongo wa Kakamega. Basi kwa nini kuna mashamba ambayo mwenyewe hupanda mahindi hadi ukingoni, mwaka nenda mwaka rudi, bila kuweka hata mti mmoja?

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni kwamba mkulima hajaelimishwa kuhusu mazingira. Mimi naona tuanze kwa kuangalia hati ya shamba imeandikwa jina la nani.

Mti ni kazi ya miaka. Mkaratusi wa fito na nguzo hudai mitano au zaidi, na grevilea ya mbao huweza kupita kumi. Hata fanya juu, ile mitaro ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu ili ukinge maji, hukutoa jasho msimu huu na kukulipa misimu ijayo. Mahindi huvunwa baada ya miezi michache tu. Asiyejua kama shamba litabaki mikononi mwake atapanda kinachovunwa upesi, na hesabu yake ni sahihi kabisa. Aliyekodi kwa msimu mmoja naye hana sababu ya kumwaga samadi ambayo nguvu yake itamfaidi mpangaji atakayemfuata.

Hapa kwetu shida si kwamba ardhi haijawahi kusajiliwa. Kazi ya kupima na kusajili mashamba ya watu binafsi ilishika kasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, na Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968 ikaiendeleza. Hati nyingi zilitoka kwa jina la babu. Babu akafariki. Wanawe wakagawana mbele ya wazee, wakapanda mkonge mpakani, nao wakazaa. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ya Vihiga ikiwa na watu 1,047 kwa kila kilomita moja ya mraba, lakini ukienda kwenye sajili ya ardhi unaweza kukuta boma lenye nyumba sita bado ni ploti moja ya mtu aliyezikwa zamani.

Katika hali hiyo mti hugeuka kuwa madai. Kwa Waluo na Waluhya, mimea ya mpakani ni shahidi wa nani analima wapi. Ukipanda miti ya kudumu kwenye shamba ambalo halijagawanywa kisheria, ndugu yako aliye Nairobi anaweza kuona unamnyakulia sehemu yake. Akirudi na kudai kipande hicho, jasho lako la miaka minane limepotea. Wanawake ndio walioumia zaidi. Kakamega, mila iliwakataza kupanda miti kwa sababu hiyo hiyo: aliyepanda mti alionekana kujitangaza mwenye ardhi. Na ni wao hao wanaolima na kutafuta kuni! Huwezi kudai misitu kutoka kwa watu uliowanyima haki ya kupanda.

Gharama yake haibaki ndani ya boma moja. Kule bonde la mto Nyando, makorongo ya Katuk-Odeyo yamekula mashamba, na udongo unaobebwa na mito huishia Ziwa Victoria. Maji hayajui mpaka wa ploti. Shamba moja mlimani lisilo na mitaro, kwa kuwa warithi bado wanavutana, huharibu kazi ya majirani wote walio chini.

Kuna na fedha. Januari 2014 mradi wa shirika la Vi Agroforestry wa wakulima wa magharibi mwa Kenya ulipata hati za kaboni, zile zinazouzwa kwa kupunguza hewa ya kaboni angani, kwa kutunza udongo, jambo lililokuwa jipya barani Afrika. Mkataba wa aina hiyo ni wa miaka mingi, na anayeahidi kutunza shamba sharti awe na mamlaka juu yake. Marehemu hawezi kuahidi kitu.

Njia ya kulitoa shamba katika jina la marehemu ipo, ingawa ni ndefu. Huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha ombi mahakamani. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Mahakama ikitoa hati ya usimamizi wa mirathi, kwa kawaida hungojwa miezi sita kabla haijathibitishwa. Baada ya hapo ndipo mpima ardhi huja kugawa na kila mtu akapata hati yake. Tangu sheria ya 2015, mahakimu nao husikiliza mirathi ya thamani isiyozidi kiwango walichowekewa, kwa hiyo si lazima kila familia ifike Mahakama Kuu.

Ninawasihi mnaoanza safari hiyo: kwenye barua ya chifu waandikeni mabinti, pamoja na walioolewa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema watoto na haibagui wa kiume na wa kike. Familia nyingi huwaacha nje ili mambo yaende haraka. Lakini hati iliyopatikana kwa kuficha mrithi inaweza kufutwa na mahakama wakati wowote, hata baada ya mashamba kugawanywa na miche kuwa miti.