Asilimia 97 haijakupa spishi mpya

Wiki hii tena. Kijana kaingia maabara hapa Kigoma, karatasi mkononi: "Shikamoo mwalimu, nimepata spishi mpya!" Bakteria aliyemwotesha kutoka kwenye tope la ziwa, nje kidogo ya Kibirizi, amefanana kwa asilimia 97 tu na wale wa kwenye hifadhidata. Nikamuuliza amesoma herufi ngapi za DNA kwenye 16S, jeni tunayoitumia kuwatambua bakteria. Mia nane na kitu, upande mmoja.

Jamani, jeni hiyo ina herufi kama 1,500! Tukafungua pamoja grafu ya usomaji wake, ambayo kila herufi ni kilele kimoja. Mwanzoni vilele vimesimama kimoja kimoja, safi. Kupita herufi ya 650 vinalaliana, mashine inabahatisha, na kila iliyokosea imehesabiwa kuwa tofauti. Tulipokata kipande hicho kichafu, asilimia ikapanda hadi 99. Isitoshe, alikuwa amemlinganisha bakteria wake na DNA iliyookotwa majini, isiyo na jina. Linganisha na straini ya kielelezo, yaani ule ukoo wa bakteria uliobeba jina la spishi. Nyingine zote ni majirani tu.

Na hiyo 97 yenyewe ni ya zamani. Siku hizi mstari uko kwenye 98.7 hivi, yaani tofauti ya herufi kama 20 katika jeni nzima. Ukiwa chini ya hapo, una dalili nzuri ya upya. Ukiwa juu, bado hujajua kitu. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, na Bacillus cereus anayewatapisha watu kwa kiporo cha wali, 16S zao karibu hazitofautiani. Kinachoamua ni jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria: ANI (wastani wa ufanano wa jenomu mbili) chini ya asilimia 95 hadi 96, au DDH ya kompyuta (makadirio ya jinsi DNA mbili zinavyoshikana) chini ya asilimia 70. Niletee hizo, nitakaa nawe mpaka usiku.

Wengine huja na haya. "Koloni yangu, kundi lililoota kwenye sahani, ina rangi ambayo haijawahi kuonekana." Rangi hubadilika kwa chakula, joto na umri wa sahani. Iandike, kisha endelea na kazi.

"Hakijaota kitu, kwa hiyo tope halina bakteria." Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na kushuka zaidi ya mita 200 hivi hakuna oksijeni. Wewe umeleta tope la huko kwenye chupa nusu, limepigwa jua botini, halafu unaliotesha hewani. Wataota vipi? Jaza chupa pomoni, funga palepale, weka kwenye barafu. Nasema hili kila mwaka na nitaendelea kulisema.

"Jenomu ninayo, jina nimeshalipata." Kanuni za kimataifa zinataka straini hai iwekwe kwenye hifadhi mbili, nchi mbili tofauti, na jina lichapishwe kwenye IJSEM, jarida la kimataifa la uainishaji wa bakteria, au liingie kwenye orodha yake. Wasiooteshwa hubaki na neno Candidatus mbele. Ndivyo walivyo Candidatus Ziwabacteria, waliotangazwa 2021 kutoka maji ya Tanganyika hii hii, wakiwa na neno letu ndani ya jina lao. Tangu 2022 upo pia utaratibu mwingine wa kutoa majina, SeqCode, unaokubali jenomu iwe kielelezo, ila lazima iwe jenomu safi.

Straini ya yule kijana tumeigandisha kwenye mirija miwili. Jumatatu anasoma upande wa pili wa jeni.