Rubani Akiripoti Mwanga Angani Hajasema Kaona Viumbe

Kila klipu ya kokipiti, yaani chumba cha rubani, yenye mwanga wa ajabu angani ikisambaa tunapata maswali yale yale, na nusu ya wanaouliza washajipa jibu, eti kuna viumbe wa sayari nyingine na kuna wakubwa wanaficha. Kazi yangu ni ripoti za usalama wa anga, na ombi langu la kwanza ni kwamba rubani asichekwe jamani, maana akichekwa leo, kesho akiona kitu atanyamaza, na hicho alichonyamazia kinaweza kuwa droni kwenye njia ya ndege inayofuata.

Chukueni klipu ile ya Ireland, 9 Novemba 2018. Saa 12:47 asubuhi rubani wa British Airways aliyekuwa anatoka Montreal kwenda London aliwauliza waongozaji ndege wa Shannon, Ireland, kama kuna mazoezi ya jeshi, kwa sababu mwanga mkali umepita kushoto kwake kisha ukakata kwenda kaskazini kwa kasi kubwa. Shannon wakamjibu hakuna mazoezi na rada haioneshi kitu. Rubani wa shirika la Virgin naye akaingia kwenye redio, kaviona vitu kadhaa vinang'aa sana vikielekea njia moja, na yeye mwenyewe akasema inaweza kuwa kimondo au kitu kinachorudi kutoka anga za juu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni hayo ya kimondo. Sasa mtandaoni ilibaki sehemu ya kwanza tu, hii ya kimondo ikakatwa, alafu mnatuuliza sisi kwa nini tunaficha!

Ripoti kama ile ina njia yake na sio ya siri kama mnavyodhani, ni ya faragha, hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya namba 376 ya 2014, kwa matukio yanayolazimika kuripotiwa rubani ana saa 72 za kuripoti, shirika lake nalo lina saa 72 za kupeleka kwa mamlaka, na pale hatari ikionekana ipo matokeo ya awali ya uchambuzi yanatakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho kwa kawaida isizidi miezi 3. Jina la rubani haliingizwi kwenye kanzidata ya taifa na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kuripoti, isipokuwa kama alikusudia kosa au alifanya uzembe mkubwa. Ndo maana hamuoni majina, hakuna njama hapo.

Kinachotuumiza kichwa miaka hii ni setilaiti za intaneti za Starlink. Ziko mamia ya kilomita juu, rubani yuko gizani ila zenyewe bado zinapigwa na jua lililoshazama kwake, basi karibu na upeo wa macho, upande ule ule lilipo jua, mwanga unawaka, unasogea, unazima, unawaka mwingine palepale, na mtu mwenye maelfu ya saa hewani ataapa kwamba kuna vitu vinazunguka. Hajadanganya, kaona kweli.

Na mwanga wenye maelezo nao unajeruhi. Januari 2011, ndege ya Air Canada, Boeing 767 kutoka Toronto kwenda Zürich, ilikuwa juu ya Atlantiki usiku. Rubani msaidizi ndo kwanza katoka usingizini, alilala dakika 75 wakati kiwango kinachoruhusiwa cha kupumzika ni 40, kaambiwa kuna ndege ya jeshi la Marekani inakuja mbele, futi 1,000 chini yao. Kwanza akadhani sayari ya Zuhura ndo hiyo ndege, kisha alipoiona yenyewe akaamini wanagongana, akasukuma usukani mbele. Ndege ikashuka futi 400, kapteni akaivuta ikapita kimo chake cha mwanzo kwa futi 400. Watu 16 waliumia, na taa ya mkanda ilikuwa inawaka! Hili la mkanda tunalirudia mpaka tunachoka.

Kuna na mwanga unaotoka chini, wa leza, na huu hatuna haja ya kuuchunguza kama ni wa sayari gani. Ukifika kwenye kioo cha kokipiti hauji kama kidoti, unatanuka na kujaa kioo kizima, na rubani anaweza asione njia ya kutua. Uingereza tangu sheria ya 2018 adhabu inafika kifungo cha miaka 5, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili, na kwa sheria ya Marekani pia ni hadi miaka 5. Kusema ulikuwa unacheza tu sio utetezi, na mzazi unayemnunulia mtoto kile kikalamu cha leza soma hapo mara mbili.

Nawe ukiona mwanga wa ajabu angani ukiwa ardhini, andika saa kamili, upande uliokuwa unatazama, kimo chake kutoka upeo na muda uliodumu. Ukirekodi video usizumu, maana nyota yoyote ukiizumu inakuwa mpira unaochezacheza, na weka paa au nguzo ndani ya fremu tuwe na cha kupimia. Ukiituma, tuma faili lenyewe, usipitishe kwenye magrupu kwanza, kwa sababu ikishabanwa kule saa na mahali iliporekodiwa vinapotea na hatuna tena cha kulinganisha na njia za setilaiti.