Lafudhi haikumwangusha Clara Bow

Wengi husema filamu za sauti zilimmaliza Clara Bow, nyota wa filamu bubu, kwa lafudhi yake ya Brooklyn, mtaa wa New York. Si kweli. The Wild Party (1929), filamu yake ya kwanza ya sauti, ilijaza kumbi, na kwa jumla alicheza 11 za kuzungumza.

Kilichomtesa ni maikrofoni. Ilifungwa mahali pamoja, naye hakuzoea kutulia. Akisogea tu, sauti inapotea. Mwongozaji Dorothy Arzner aliitundika kwenye ufito wa kuvulia samaki imfuate juu kwa juu. Dawa rahisi ajabu!

Mwaka 1931 matatizo ya afya ya akili yalimzidi, akaachana na kampuni ya filamu ya Paramount. Alirudi kwa filamu mbili, akastaafu 1933 kwa hiari, akiwa na miaka 28.