Maelekezo ya sheria kwa wanajuri: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: Jaji akishaieleza sheria kwa sauti, inatosha, na mwanajuri (raia wa kawaida aliyeteuliwa kuamua kesi pamoja na wenzake) asiyeelewa atauliza.

Ukweli: Asiyeelewa mara nyingi hajui kwamba hajaelewa. Utafiti wa Profesa Cheryl Thomas, uliochapishwa na Wizara ya Sheria ya Uingereza mwaka 2010, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanajuri waliyaona maelekezo ya jaji kuwa mepesi, ilhali walioyaelewa kikamilifu, kwa maana ya kisheria aliyoikusudia jaji, walikuwa asilimia 31 tu. Miongoni mwa waliopewa muhtasari wa maandishi, kiwango hicho kilifika asilimia 48. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo pale ambapo uhuru wa mtu umo mikononi mwao. Chukua mfano wa kujilinda: katika sheria ya Uingereza, juri hujiuliza kwanza iwapo mshtakiwa aliamini kwa dhati kwamba analazimika kutumia nguvu, kisha iwapo nguvu hiyo ilikuwa ya kiasi kwa hali aliyoamini kuwa anakabiliana nayo. Aliyelisikia hilo mara moja, baada ya siku kadhaa za ushahidi, ni rahisi kubaki na swali moja na kulisahau la pili.

Dhana potofu: Wanajuri wakipewa karatasi yenye maelekezo hayo, watabishania maneno na kuusahau ushahidi.

Ukweli: Naamini hatari iko upande wa pili. Pasipo karatasi, muda hupotea katika kubishana jaji alisema nini, na mwenye sauti kubwa ndiye anayegeuka kuwa sheria ya chumba.

Dhana potofu: Karatasi ikiwapo, kazi ya jaji imekwisha.

Ukweli: Chama cha Wanasheria cha Marekani, katika kanuni zake za mwaka 2005, kilitaka kila mwanajuri apewe nakala ya maelekezo, lakini pia kilitaka lugha yake iwe nyepesi, na sharti hilo la pili halina uzito mdogo. Katika kesi ya Weeks v. Angelone, juri la Virginia liliuliza iwapo lililazimika kutoa adhabu ya kifo. Jaji akalielekeza kwenye aya ya maelekezo yaleyale liliyokuwa nayo. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliona jibu hilo linatosha. Mimi nakubaliana na wale wanne, kwa kuwa kumrudisha mtu kwenye aya iliyomtatiza si kumjibu.