Safari ya Dharura kutoka Lamu: Thibitisha Boti Kabla ya Tiketi

Habari ya ugonjwa wa ghafla au ya msiba inapofika, jamaa wengi hapa Lamu hukimbilia kukata tiketi ya ndege au ya basi, kisha ndipo wanapoulizana watalifikiaje basi au ndege hiyo. Sisi tunaohudumia wasafiri tunashauri kinyume chake. Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda na mabasi huondokea Mokowe, bara; kwa hiyo hakuna anayeutoka mji wa Lamu kwa safari ndefu bila kuvuka maji, na boti ndiyo ya kuthibitishwa kabla nauli nyingine yoyote haijatumwa.

Kwa anayetoka miji ya kisiwa cha Pate, yaani Pate yenyewe, Siyu, Faza au Kizingitini, hesabu ni nzito zaidi. Njia ya ndani hupitia mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ambako maji yakipwa, hasa siku za bamvua (mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), chombo huweza kukwama hadi yajae tena. Kati ya kujaa na kupwa hupita takriban saa sita, na kila siku majira hayo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hivyo saa iliyokuwa ya maji kujaa wiki iliyopita huenda wiki hii ikawa ya maji kupwa. Ratiba aliyoitumia jirani wakati ule haikufai leo. Mpigie nahodha kwanza, umuulize maji yanaruhusu saa ngapi, ndipo uchague basi au ndege inayoafikiana na jibu lake. Njia ya bahari ya nje ipo, lakini wakati wa upepo wa kusi mawimbi huwa makali, na mgonjwa hapaswi kupitishwa huko kwa boti ndogo. Wala usikubali kuvushwa usiku kwa chombo kisicho na taa wala jaketi za kujiokolea, hata kama ndugu zako wanakuhimiza kwa simu.

Barabara ya Mokowe, Witu hadi Garsen sasa ina lami, na safari ya kwenda Mombasa, ambayo ni zaidi ya kilomita 300, imekuwa nyepesi kuliko zamani. Hata hivyo Mto Tana ukifurika barabara hiyo hukatika, kama ilivyotokea karibu na Gamba katika mvua za El Nino mwishoni mwa 2023. Safari za usiku nazo hutegemea amri ya usalama iliyopo wakati huo. Ofisi ya basi iliyoko Mokowe itakupa habari za siku hiyo. Uvumi wa makundi ya simu mara nyingi huwa wa jana.

Anayepanda ndege aangalie jina. Mama ambaye mtaa mzima unamwita Bimkubwa huenda kitambulisho chake kinasema Khadija, na mpwa wake aliyeko Nairobi, kwa haraka, akamkatia tiketi kwa jina la nyumbani. Mtumie picha ya kitambulisho badala ya kumtajia jina kwa mdomo. Aangalie pia uwanja: jijini Nairobi ndege nyingine za Lamu hutua Wilson na nyingine Jomo Kenyatta, na atakayekuja kumpokea mgonjwa lazima ajue ni upi. Ikiwa mgonjwa anahitaji oksijeni, au hawezi kuketi, shirika la ndege liarifiwe kabla ya malipo, kwa kuwa linaweza kutaka barua ya daktari na hata kumkataa akiwa tayari amefika uwanjani.

Msiba una swali lake, nalo ni gumu kuulizwa. Katika familia za Kiislamu mazishi hayacheleweshwi, na aliyeko Nairobi anaweza kulipa nauli kubwa ya ndege akafika kaburi limeshafukiwa. Kabla ya kulipa, mpigie yule hasa mwenye kuamua saa ya kuzika, umuulize waziwazi: mnanisubiri au hamnisubiri? Akijibu kwamba hawawezi kusubiri, hilo si jambo la kulaumiana. Basi la kesho litakufikisha kwenye khitma, kisomo cha kumwombea marehemu, na kwa wafiwa, na tofauti ya nauli itawafaa waliobaki.

Kuhusu fedha, michango ya ukoo ipitie kwa mtu mmoja, na nauli ilipwe kwa nambari ya malipo ya kampuni, si kwa nambari binafsi ya mtu anayedai ana nafasi ya mwisho. Matapeli wanajua kwamba mwenye haraka hahoji. Tiketi ya kurudi tunapendelea isikatwe mapema, isipokuwa inaruhusu kubadilishwa tarehe, kwa sababu siku za kuuguza hazina hesabu na tiketi ya bei nafuu mara nyingi hairejeshewi fedha. Na kama unasafiri na watoto, beba vyeti vyao vya kuzaliwa.